Toyota IST: nijaze gesi ya AC tu kwa 50,000, au nipeleke ikapimwe kwa 150,000?

Mkazi_Kimara
Wakuu habari za jioni. AC ya gari langu imeanza kunisumbua, na joto hili la Februari halivumiliki. Natoka Kimara kwenda Posta kila siku, foleni yenyewe mnaijua. Nimeuliza sehemu mbili. Fundi wa jirani na nyumbani anasema gesi imepungua, anajaza kwa 50,000, nusu saa naondoka. Gereji nyingine upande wa Mwenge wanataka 150,000: wanyonye gesi iliyobaki, wapige vakyumu, watafute panapovuja, ndipo wajaze. Halafu kuna mwenzangu ofisini ananishauri ninunue kopo la gesi nijaze mwenyewe. Mngekuwa nyinyi mngefanya lipi? Nataka kulipeleka Jumamosi.

Nyundo_Tabata
IST ya mwaka gani mkuu? Na "kunisumbua" ndiyo nini: haitoi baridi kabisa, inatoa nusu, au upepo wenyewe ndio hautoki? Unaomba dawa hujataja ugonjwa.

Dada_wa_Kigamboni
Na mara ya mwisho ilijazwa lini? Hilo ni muhimu kuliko bei.

Mzee_wa_Ilala
Jaza gesi kijana, usipoteze muda. Kwa joto la Dar gesi ya AC inajazwa kila mwaka kabla ya Desemba, ndiyo sevisi yake. Nimeendesha Corolla tangu miaka ya 1990, hivyo ndivyo ninavyofanya na baridi naipata. 50,000 ni bei nzuri.

Fundi_Baridi
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote hapo naomba nikupinge. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi, inazunguka tu. Kompresa inaibana, inapata presha na moto. Kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa maji. Inapita kwenye tundu dogo la valvu, inaingia evapareta ndani ya dashibodi, pale inachemka na kunyonya joto la ndani ya gari, kisha inarudi kwa kompresa. Mfumo umefungwa, kwa hiyo ikipungua ujue imetoka mahali. Ni kweli hozi za mpira na oringi, vile vipira vya kwenye maungio, hupitisha kidogo kidogo, na gari la miaka 15 au 20 linaweza kupungukiwa bila tundu unaloweza kuliona. Lakini gari linalotaka gesi kila mwaka linavuja, mzee wangu, na anayekujazia anajua.

Mzee_wa_Ilala
Marahaba. Langu halijawahi kuharibika AC hata siku moja.

Mkazi_Kimara
Samahanini wakuu. Ni Toyota IST ya 2005, nililinunua mkononi kwa mtu mwaka juzi. Tangu hapo sijajaza gesi. Dalili ni hizi: asubuhi nikitoka inatoa baridi, si ya zamani ila inatosha. Nikifika Ubungo kwenye foleni unakuja upepo wa vuguvugu. Gari likitembea baridi inarudi kiasi. Nguvu ya upepo haijabadilika.

Nyundo_Tabata
Sasa tunaongea. Ikipoza ukitembea na ikigoma ukisimama, wa kwanza kushukiwa ni feni ya mbele, siyo gesi. Gari likienda, upepo wa barabarani unaipoza kondensa. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Feni ikichoka, au kondensa ikiziba kwa vumbi na wadudu, joto halina pa kutokea. Fungua boneti, gari liwe silensa (injini inaunguruma, gari limesimama), washa AC uone kama feni inazunguka na inazunguka kwa nguvu. Hulipi mtu. Kondensa uimwagie maji ya kawaida, usipige mashine ya presha, mapezi yake yanalala hayo.

Fundi_Baridi
Feni iangaliwe kwanza, nakubali. Ila gesi pungufu nayo inaleta dalili hiyo hiyo, kwa sababu silensa kompresa inazunguka polepole. Kwa hiyo ukiwa umeshafungua boneti, itazame na kompresa. Puli yake inazunguka muda wote injini ikiwa imewaka. Kile kisahani cha mbele, katikati ya puli, ndicho kinachovutwa na sumaku ukiwasha AC: utasikia "tak", nacho kinaanza kuzunguka. Kikishika kikakaa, vizuri. Kikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, tak, tak, tak, mara nyingi hapo gesi imepungua, presha inaanguka na swichi inaikata kompresa isife. Kisiposhika kabisa, ama gesi imetoka karibu yote, ama ni fyuzi, rilei au waya.

Halafu shika lile bomba nene linalorudi kwenye kompresa. AC ikiwa nzima linakuwa baridi na limelowa jasho, hasa kwa unyevu wa huku kwetu. Usishike linalotoka kompresa kwenda kondensa, linaunguza. Na mikono iwe mbali na feni, huwa inawaka ghafla.

Mtu_wa_Pwani
Langu upande wa dereva baridi, upande wa abiria vuguvugu. Hiyo ni gesi au ni nini?

Fundi_Baridi
Mtu_wa_Pwani, mara nyingi ni gesi. Ikiwa kidogo inaishia njiani, evapareta inapoa kipande tu. Likiwa na gesi ya kutosha na bado lina pande mbili, kagua vile vibao vya kugawa hewa ndani ya dashibodi.

Dada_wa_Kigamboni
Naomba nieleze yaliyotukuta, Mkazi asome kabla ya Jumamosi yake.

Gari letu la nyumbani lilianza hivi hivi, baridi inapungua taratibu. Mume wangu akalipeleka gereji ya karibu, sitaitaja. Yule bwana hakuweka geji za kupima presha. Alibonyeza valvu kwa bisibisi, ikafoka, akasema gesi ipo kidogo, akaongeza. Tukatoka pale baridi kali, watoto wanaomba tupunguze. Wiki chache mbele ikaisha. Tukarudi, akaongeza. Ikaisha tena, akaongeza tena. Kila tukienda maelezo ni yale yale, gesi za siku hizi hazidumu, joto la Dar hili.

Kumbe kwenye maungio ya bomba na kondensa palikuwa panavuja. Gesi inapotoka haitoki peke yake, inatoka na mafuta ya kompresa, maana mafuta yale husafiri ndani ya gesi. Yeye gesi anaongeza, mafuta haongezi. Kompresa ikaanza kulia ukiwasha AC, sauti ya kusaga. Tukaambiwa ni beringi tu, tuendelee nayo.

Siku hiyo naendesha mimi, nimeshavuka Daraja la Nyerere nashuka Kurasini, kompresa ikakwama. Gari lile mkanda wake ni mmoja, unazungusha kompresa, altaneta na pampu ya maji. Puli ilipogoma mkanda ukaanza kuungua. Harufu ya mpira imejaa ndani, taa ya betri imewaka, mshale wa joto unapanda. Nikasogea pembeni nikazima, malori ya bandarini yananipita ubavuni na mtoto yuko kiti cha nyuma.

Tukajua tutanunua kompresa ya mtumba kwa wauza spea wa Gerezani yaishe. Fundi mwingine, huyu anaijua kazi, akafungua bomba moja akalikung'uta kwenye kitambaa cheupe. Yalitoka mafuta meusi yenye unga wa chuma unaong'aa. Kompresa ilikuwa imejisaga na unga umesambaa mfumo mzima. Ikabidi tubadilishe kondensa, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) na valvu, na mabomba yasafishwe, kwa sababu kompresa nyingine ukiifunga kwenye uchafu ule nayo inakufa. Ilizidi milioni moja. Na kilichokuwa kibovu tangu mwanzo ni oringi, kipira cha bei ya soda.

Mzee_wa_Ilala
Pole sana mama. Huyo wa kwanza si fundi.

Nyundo_Tabata
Pole dada. Ila si lazima 150,000. Fundi aweke geji gari likiwa limezimwa. Zikisoma presha ya karibu psi 100 ujue gesi ipo ya kutosha, hamna haja ya mengine.

Fundi_Baridi
Nyundo, hapo hapana, na hili linawaponza wengi. Gari likiwa limezimwa geji inasoma joto la hewa, haisomi wingi wa gesi. R134a, gesi ya AC ya magari mengi, kwenye nyuzi 30 inakaa karibu na psi 97, ziwe gramu 200 au 450, ilimradi ndani bado kuna gesi iliyo maji. Gramu huwezi kuzijua hapo. Geji zinasomwa injini ikiwaka na AC imefunguliwa yote. Kwa joto letu upande wa presha ya chini uwe psi 30 hadi 45 hivi, wa presha ya juu 200 hadi 250. Pande zote zikiwa chini, gesi pungufu. Zote zikiwa juu sana, imejazwa kupita kiasi au kondensa haipozwi, na ukiongeza gesi hapo unaiua kompresa. Wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa imechoka, gesi ya 50,000 haitakusaidia kitu.

Kipimo cha kweli ni mizani. Kwenye magari ya Japan kuna stika chini ya boneti au pale mbele juu ya rejeta. Maandishi ni ya Kijapani lakini "HFC134a" (ndiyo hiyo R134a) na gramu utazisoma. Inanyonywa yote, inapigwa vakyumu, zinapimwa gramu hizo hizo. Fundi asiye na mizani anakisia.

Nyundo_Tabata
Hilo la psi nimelipata. Na vakyumu hiyo ina faida gani, au ni ya kuongezea bei?

Fundi_Baridi
Inatoa hewa na unyevu. Maji yakibaki ndani yanaganda kwenye tundu la valvu, na yakikaa na gesi na mafuta yanazaa asidi inayokula vyuma. Nusu saa isipungue. Pampu ikizimwa geji nayo ibaki palepale. Ikianza kurudi juu, panavuja, usikubali ajaze.

Mtu_wa_Pwani
Mbona kuna gesi za bei chee mtaani na zinapoza kuliko hizo za R134a? Jirani yangu kajaziwa, anafurahi.

Fundi_Baridi
Nyingine humo ndani ni propani na butani, gesi ya kupikia. Inapoza kweli, lakini inawaka moto. Evapareta iko ndani ya dashibodi, ikivuja inajaa mlipo na watoto. Sijazi gesi hiyo kwenye gari la mtu, hata akinilipa mara mbili. Na mwenye gari jipya aangalie pia: ya kuanzia 2017 hivi mengi yanatumia gesi nyingine, R1234yf, hata vichwa vya valvu ni tofauti. Anayetaka kukulazimishia R134a humo, ondoka.

Kopo la kujaza mwenyewe nalo siliungi mkono. Huna mizani, huna vakyumu, na makopo mengine yana dawa ya kuziba matundu inayoharibu mashine za mafundi.

Mzee_wa_Ilala
Haya yote ya nini? Fungua vioo. AC inakula mafuta bure.

Dada_wa_Kigamboni
Mzee, Mandela Road uteremshe vioo nyuma ya lori la kokoto? Na simu ikiwa mkononi kwenye foleni utaiaga.

Nyundo_Tabata
Mafuta inakula, hasa ukiwa silensa. Ila kwenye mwendo mkubwa vioo wazi navyo vinavuta gari nyuma. Mimi foleni naweka AC, nikitoka Kibaha kwenda Chalinze naweka AC vilevile.

Mzee_wa_Ilala
Corolla yangu ya kwanza ilikuwa inagandisha mpaka kioo kinatoka jasho kwa nje. Gesi za zamani zilikuwa gesi.

Fundi_Baridi
Kweli mzee, magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa na R12, na ilikuwa inapoza sana. Iliondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu ozoni. R134a haigusi ozoni, ila kilo moja ikitoka hewani inapasha dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana fundi anayefungua valvu akaiachia hewani ananikera sana.

Mkazi_Kimara
Wakuu nimefungua boneti leo. Feni inazunguka vizuri. Kisahani kinashika na kuachia haraka haraka kama alivyosema Fundi_Baridi. Kwenye maungio ya bomba linaloingia kondensa kuna doa la mafuta lililoshika vumbi, likubwa kama sarafu ya 200. Nimempigia yule wa 50,000, anasema doa ni kawaida kwa gari la zamani, tujaze tuone.

Dada_wa_Kigamboni
Hapo hapo ndipo palipotuumiza. Usimpe hata shilingi.

Nyundo_Tabata
Mwambie akubadilishie oringi hiyo, apige vakyumu, umwongezee hela kidogo. Si lazima uende Mwenge.

Fundi_Baridi
Ana vakyumu na mizani? Muulize hivyo viwili kabla ya bei. Oringi iwe ya AC, ya bomba la maji inaliwa na gesi. Na apime kwanza kwa povu la sabuni, pengine hapo siyo pekee.

Mkazi_Kimara
Vakyumu anasema ataazima kwa rafiki yake. Mizani hajanijibu. Ngoja nione mshahara unaingia lini.

Aqua_Mbezi
Samahani kuingilia. Yangu ni Aqua ya haibridi, fundi yuleyule wa mtaani anaweza?

Fundi_Baridi
Akuambie kwanza anatumia mafuta gani. Kompresa ya haibridi ni ya umeme mkubwa, inataka mafuta ya POE, yale ya ND-11. Akikuwekea PAG ya magari ya kawaida, umeme unaanza kuvuja kwenye kompresa na gari linaweza kugoma kuwaka. Hata hozi za geji zenye mabaki ya PAG zinatosha kukuletea shida.

Mtu_wa_Pwani
Na sisi wa Noah zenye AC ya nyuma? Mbele baridi, nyuma abiria wanalalamika.

Nyundo_Tabata
Hiyo mabomba yake yanapita chini ya bodi mpaka nyuma. Unakaa wapi, karibu na bahari? Lala chini uyakague urefu wote, hasa yanapobanwa na vishikio. Chumvi inaanzia hapo.

Mtu_wa_Pwani
Kunduchi. Kesho nalipandisha kwenye jeki.

Fundi_Baridi
Weka na stendi, usilale chini ya jeki tupu.