Fundi alinitolea themostati (kidude cha kudhibiti joto la injini) mwezi wa 4, mwezi wa 7 ananiambia gari inabugia mafuta sababu ya baridi ya Arusha!!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnisamehe kama uzi utakuwa mrefu na hauna mpangilio, mwenye haraka zake apite tu.

Gari yangu ni Premio, injini 1NZ, ile ya cc 1500. Nakaa Ngaramtoni, kazini Njiro, njiani nashusha watoto wawili shule. Hii gari naijua jamani. Sisemi najua ufundi, hapana, naijua inavyokula, maana mi nina daftari kwenye dashibodi, kila nikijaza sheli naandika lita na kilomita, tabia nimerithi kwa marehemu baba alikuwa dereva wa lori na yeye ukimwambia "gari inakula vizuri" bila namba alikuwa anakuangalia tu. Miaka minne sasa, foleni ya Sakina humo humo, gari haijawahi kushuka chini ya kilomita 12 kwa lita. Mwezi wa 6 ikaanza kuja 10. Mwezi wa 7 katikati nimeweka lita 30, zimenipeleka kilomita 234. Pigeni wenyewe, ni 7.8. Nikadhani sheli wamenipunja, nikahama sheli, yale yale.

Na makelele sasa. Saa 12 kasoro asubuhi, simu inasoma nyuzi 12, Meru yote imefunikwa na ukungu hata hujui kama kuna mlima pale, nawasha gari: kwanza ngiiiiiii mpaka mbwa wa jirani anajibu, afu injini inaunguruma juu juu kama kuna mtu kakanyaga mafuta na haitaki kushuka. Zamani ilikuwa inafanya hivo dakika mbili tatu inatulia, saivi naingia Sakina bado iko vile vile. Kwenye tuta mbele kushoto ko ko ko. Watoto wangu siku hizi wakisikia ngiii wanabeba mabegi, ndo kengele yao.

Nikaenda gereji. Jina sitaji na naomba msinilazimishe. Ni pale pale walipoitengeneza mwezi wa 4 ilipochemsha nikiwa naenda Moshi, paipu ya rejeta ilipasuka karibu na Boma Ng'ombe. Fundi kaizunguka gari mara moja, mikono mfukoni, hata boneti hajafungua, ananiambia "dada'angu hii ni baridi tu, msimu huu gari zote za Arusha zinalia na mafuta zinakula, subiri mwezi wa 9." Nikamuuliza baridi ndo inakula theluthi ya mafuta yangu? Akanijibu "haya mambo ya injini marefu, siku njoo na mzee nimuelekeze."

Mzee! Mume wangu hajui hata kuendesha, leseni hana, yeye ni mtu wa bodaboda na vifodi toka nimuoe (ndio, nimemuoa mimi, acheni hayo). Nimpeleke akaelekezwe nini?

Basi nikasema ngoja niwe mpole maana nahitaji gari. Wiki ya kwanza wakanibadilishia plagi zote nne, elfu 60. Hakuna kitu. Wiki ya pili wakasafisha nozeli, elfu 40, nayo hakuna kitu. Wiki ya tatu wakasema ni sensa ya oksijeni, laki na 20, na taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja. Nikauliza mmejuaje kama ni sensa? "Uzoefu." Jumla laki 2 na 20 na gari ikatoka pale ikaenda kufanya 7.9. Na kila nikirudi wimbo ni ule ule, baridi, baridi, baridi, mpaka nikaanza kujiona mimi ndo mjinga.

Usiku nikakaa na simu nikaanza kusoma, maana kuna watu wanaishi kwenye baridi ya kweli sio hii yetu ya kuvaa sweta mbili. Wizara ya nishati ya Marekani wameandika wazi kabisa, gari ya petroli ikiendeshwa mjini kwenye nyuzi hasi 7, ukilinganisha na siku ya nyuzi 25, mafuta inapoteza kama asilimia 15. Kwa safari fupi fupi za kilomita 5 au 6 inaweza kufika asilimia 24. Hasi 7 wakuu! Maji yameganda, watu wanakwangua barafu kwenye vioo. Mimi Ngaramtoni nyuzi 12, safari yangu ni ya kuvuka mji mzima, nimepoteza asilimia 35. Yani baridi ya Ngaramtoni imeizidi ya Chicago?

Sikatai baridi ina mchango wake, nisije nikaonekana mbishi. Injini ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta ya gari inamwaga mafuta ya ziada mpaka ipate joto. Oili inakuwa nzito. Upepo wa tairi unashuka, kama psi 1 kwa kila nyuzi 6 hivi zinazopungua, na kweli nilivyopima nilikuta 27, nikajaza. Raba za bushi zinakakamaa. Yote sawa. Lakini hayo mengi ni ya kuondoka tu asubuhi, injini ikishapata moto habari karibu imeisha, haijui kama nje ni Julai au Januari.

Na hapo kwenye "ikishapata moto" ndo nikashtuka, maana nikakumbuka hita. Watoto wamelalamika mwezi mzima "mama hita haifanyi kazi" na mimi nawaambia vaeni masweta. Nikaangalia geji ya joto nikiwa naendesha, mshale umelala chini. Toka Ngaramtoni mpaka Njiro haujafika hata robo. Nikachomoa stiki ya oili nikanusa, inanuka petroli!

Jumamosi nikampelekea kijana mmoja wa umeme wa magari, kachomeka kimashine chake, tukaondoka nayo barabarani. Joto la maji ya injini linasoma 58, 61, 60, nikiteremka linarudi 55. Akacheka. Akaniuliza "mama, hii gari ilishawahi kuchemsha?" Nikasema ndio, mwezi wa 4. Akasema twende ukaone kitu. Akafungua pale inapokaa themostati, na mimi nimeinama namuangalia, ndani kweupe. Hakuna kitu. Kama mdomo wa kibogoyo.

Kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa sijui: themostati ni kile kimlango kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kidogo, ndo kinaanza kufunguka. Ukikitoa maji yanakwenda rejeta muda wote, injini haipati moto wake, na kompyuta inasoma "bado tuko baridi" kwa hiyo inaendelea kumwaga mafuta ya ziada siku nzima. Mwezi wa 4 na wa 5 sikuona sana, lakini baridi ilivyoingia, na mimi asubuhi nateremka tu kwenda mjini injini haina kazi nzito ya kuipasha moto, ndo ikaonekana. Na petroli ile ya ziada inateremka kwenye oili inaiharibu. Na cha kuchekesha, injini nyingi za Toyota ukitoa hicho kidude kuna sehemu ya maji inazunguka humo humo ndani bila kupita rejeta, kwa hiyo siku ya jua kali na mlima hata huko kuchemsha ambako mafundi wanadai kutoa themostati kunazuia, kunaweza kuja vizuri tu.

Jumatatu nikaenda gereji asubuhi kabla hawajanywa chai. Nikamuuliza fundi, themostati yangu iko wapi? Hata hakubabaika!! "Dada, zile ni za nchi za baridi, Japani huko na Ulaya, sisi Afrika joto huku hazina kazi, tunazitoa zote."

Wakuu. Huyu ni mtu yule yule. Mwezi wa 4 sisi ni nchi ya joto hatuhitaji themostati, mwezi wa 7 baridi ya Arusha inakula mafuta gari zote. Nikamwambia chagua moja, tuko Afrika au tuko Ulaya? Vijana wake wakacheka, yeye akaanza kutafuta spana.

Na mengine sasa. Kulanti yangu (yale maji maalum ya kupozea injini) aliimwaga akaweka maji ya bomba, na maji yetu ya Arusha mnayajua, meno yetu haya ya kahawia ni ushahidi tosha. Oili aliniwekea 20W-50 wakati 1NZ ni injini ya oili nyepesi, 5W-30, na ile VVT-i (mfumo unaopanga valvu zifunguke saa ngapi) inafanya kazi kwa presha ya oili hiyo hiyo, ndo maana asubuhi injini ilikuwa inagonga gonga kabla oili haijapanda. Ile ngiii ni mkanda wa feni umezeeka, una mpaka nyufa, angeuona kama angefungua boneti. Ile ko ko ya tuta ni stabilaiza linki (kijichuma cha kwenye mguu wa mbele) imekufa, baridi ilikuwa inaizidishia tu.

Nyongeza, saa 3 usiku: naona wengine mnauliza kwa nini sikumsimamia fundi akifanya kazi. Nilikuwa kazini! Ukipeleka suti kwa fundi cherehani unalala naye mlango mmoja? Na anayesema wanawake tunapenda kulalamika, daftari langu lipo, lete lako.

Aliyeuliza imeishaje: themostati mpya imewekwa, kulanti, oili 5W-30, mkanda, linki. Leo mshale umepanda katikati kabla sijafika Sakina, kelele hakuna, na mtoto wangu mdogo kiti cha nyuma kasema "mama punguza hita naungua." Wiki ya kwanza daftari linasoma 11.6, nadhani 12 itarudi.

Lakini sijamaliza na yule fundi. Ile sensa yangu ya zamani ambayo haikuwa na tatizo lolote aliitoa akabaki nayo, na plagi zangu pia, naenda Ijumaa kuzichukua pamoja na laki 2 na 20 yangu. Na safari hii naenda na mzee kama alivyotaka, atakaa kwenye gari na daftari.