Chumba cha kompyuta kiitwe Kao? Kwa karatasi moja tu?

Mwana wa Mkomani: Kamati ya chumba cha kompyuta cha mtaani kwetu Lamu inataka jina kabla ya Maulidi. Mimi nasema Charles Kao. Mwaka 1966, akiwa maabara ya Harlow, Uingereza, yeye na George Hockham waliandika katika karatasi ya utafiti kwamba uzi wa kioo unaweza kubeba simu kwa nuru, na kwamba kinachoila nuru njiani ni uchafu uliomo kiooni, si kioo chenyewe. Nobeli akapewa 2009, mwaka uleule nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa. Mwenye jina jingine alete. Ila tusiwe kama Wamalindi, kila roketi ya Mtaliano iliyorushwa baharini kwao wanaihesabu yao.

Binti Shela: Hata mita moja ya waya hakuivuta, leo apewe chumba? Waliotoka jasho ni wale wa Corning, kampuni ya vioo ya Marekani: Maurer, Keck na Schultz, 1970. Yeye alitabiri tu. Hata bibi yangu hutabiri mvua.

Fundi wa Faiba: Dada, mimi ndiye ninayeunga hizo nyuzi, nisikilize kidogo. Zama zile kioo kilikula nuru desibeli (kipimo cha nuru inayopotea) kama 1,000 kwa kilomita. Kao akasema nipeni chini ya 20, biashara itafanyika. Yaani ukitia nuru mia, baada ya kilomita ikitoka moja, inatosha. Corning walifika 17. Bila mtu kuwawekea ile 20 wangejuaje kwamba wamefika? Na hakukaa akingoja mvua, alizunguka kwa watengeneza vioo kuwashawishi, na 1969 yeye na mwenzake Jones wakapima silika safi, yaani kioo cha asili ya mchanga, wakakuta inafaa kabisa. Leo tunafanya kazi na 0.2. Ukitia mia, zinatoka kama tisini na tano.

Mtoto wa Ngomeni: Ngoja kwanza. "Roketi ya Mtaliano"? Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa kwetu upande wa Malindi. Setilaiti ya kwanza duniani ya kutazama eksirei za angani, ikapewa jina letu siku ya sikukuu yetu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akachukua Nobeli 2002. Nyinyi Lamu mna nini, punda?

Mwana wa Mkomani: Punda wangu huondoka kila asubuhi na hurudi kila jioni. Pale kwenu roketi ya mwisho iliondoka 1988.

Mtoto wa Ngomeni: Kumbe unaijua hadi mwaka. Wivu huo.

Kijana wa Mambrui: Mnapigana, na kuna Mhindi mmemruka. Narinder Singh Kapany alipitisha picha kwenye nyuzi zilizopinda tangu 1954, na hilo jina la faiba optiki ni yeye aliyelieneza. Nobeli wakamnyima kwa sababu ya kilemba.

Binti Shela: Ya kilemba umeitoa wapi? Kao naye kazaliwa Shanghai, si Stockholm. Na hiyo 1954 Kapany alikuwa na mwalimu wake Hopkins, hukumtaja. Mkitetea mtu, tetea na wenzake. Hata Hockham: karatasi ina majina mawili, Nobeli ikaona moja. Nusu kwa Kao, nusu nyingine wakagawana Boyle na Smith kwa kifaa cha kunasa picha.

Nahodha Mstaafu: Wanangu, nilipokuwa kijana niliona moja ya roketi hizo nikiwa dauni. Samaki hawakushtuka. Bei haikushuka wala kupanda. Endeleeni.

Mtoto wa Ngomeni: Shikamoo mzee. Lakini uliiona kutoka bahari ya nani?

Fundi wa Faiba: Kapany namheshimu, lakini nyuzi zake zilikuwa za mwendo mfupi, za kutazama ndani ya mwili. Mbali hazifiki. Wengine hupima athari ya mwanasayansi kwa mara ngapi ametajwa na wenzake, mimi napima hivi: Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika huko upande wa Afrika Kusini, nani hapa hakulalamika? Wewe Mambrui ulisema simu yako imerogwa.

Kijana wa Mambrui: Ilikuwa siku mbaya.

Binti Shela: Haya, Kao apite. Si kwa utabiri lakini, kwa ile silika aliyoipima. Na jina la Hockham liandikwe chini, hata kwa herufi ndogo.

Mtoto wa Ngomeni: Bado sijasikia radhi.

Mwana wa Mkomani: Roketi zenu, chukueni zote. Chumba chetu.

Binti Shela: Chumba chenye jina na hakina intaneti. Fundi, faiba imefika wapi?

Fundi wa Faiba: Kona ya msikiti. Zimebaki mita kama sitini, lakini mwenye nyumba ya pembeni hataki ukuta wake utobolewe.

Mwana wa Mkomani: Huyo ni ami yangu. Nitamwendea baada ya magharibi. Na nyinyi msimtajie habari ya roketi, alioa Malindi.