Mike Martin: ushindi 2,029, ubingwa sifuri?

Swali: Wakuu, kocha wa besiboli ashinde mechi 2,029 halafu astaafu bila ubingwa wa taifa? Au timu yake ya chuo kikuu, Florida State, walikuwa wanacheza na vibonde?

Jibu: Vibonde wapi, mkuu! Nimeishi Tallahassee, mji wa chuo hicho. Enzi zake nilikuwa nikiingia uwanjani, kwanza natafuta jezi yake namba 11, ndipo nakaa. Kuanzia 1980 hadi 2019 hakukosa mchujo wa taifa hata msimu mmoja. Omaha, wanakobaki timu nane tu, alifika mara 17. Fainali ya 1999 Miami waliwafunga 6-5. Pointi moja! Bado inaniuma.

Muulizaji: Duh, pole. Nani alimrithi?

Jibu: Mwanawe, Mike Martin Jr. Mzee alifariki 2024. Kwangu ndiye kocha bora, kombe au bila kombe.