Naomba ushauri: muda wa wananchi unahesabiwaje katika upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kama mradi unafaa) wa daraja?

Ndugu zangu, nimo katika kamati ya kata inayopima kama tuombe daraja la zege au karavati kwenye mto wetu, ambao kila masika hukata barabara. Gharama za ujenzi mhandisi ametupatia. Kinachonitatiza ni faida. Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja ameketi ng'ambo na matenga mawili ya nyanya, akisubiri maji yapungue tangu alfajiri, na zile za chini zilikwisha kupasuka. Hasara yake ninaiandika safu gani?

Daraja la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, lenye urefu wa takriban kilometa 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limechukua nafasi ya kivuko, hivyo muda wa foleni ungeweza kupimwa kwa saa. Kwetu hakuna foleni, kwa sababu mto ukijaa watu hawasafiri kabisa, na ninahofia kwamba tukihesabu wanaovuka sasa tu, karavati la bei nafuu litashinda kwa makosa.

Aliyewahi kufanya kazi hii anielekeze pia namna ya kuingiza matengenezo ya miaka 20, ambayo naona husahaulika mno.