Njia ya baiskeli Mwanga–Ujiji: naomba ushauri kabla ya kikao

Wakuu, hapa Mwanga, Kigoma, mtaa umegawanyika. Tunaotaka njia ya baiskeli kwenye barabara ya Ujiji tunawafikiria wanaobeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa, bajaji zikiwabana hadi mtaroni. Inauma kuona. Wenye maduka wanakataa: magari ya mzigo yatashushia wapi? Hoja yao ina uzito, siibezi. Wengine wanataja Barabara ya Morogoro, Dar: njia zilijengwa pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi, bodaboda na wachuuzi wakaziingia.

Wenye uzoefu, mstari wa rangi unatosha au lazima ukingo wa zege? Na ombi tuanzie kwa diwani, au tuwaandikie TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) moja kwa moja? Kikao ni Jumamosi.