Kingo za mitaro Dodoma: zitengenezwe njia ya baiskeli au ziachwe?

Wakuu, naleta hoja. Kando ya mtaro mkubwa wa Ilazo kuna kijia cha vumbi. Hupita wauza maziwa, wanafunzi, na mzee mmoja wa mkaa ninayekutana naye alfajiri, magunia mawili nyuma ya baiskeli yake ya Phoenix. Barabara kuu kaikimbia kwa sababu ya malori. Nasema kijia hicho kishindiliwe changarawe, upana mita tatu, kiwe cha baiskeli na waenda kwa miguu.

Uingereza wana njia kama hizi kando ya mifereji. Nyingi zilichongwa karne ya 18 na ya 19 kwa farasi waliokokota mashua. Leo nyingi hupitwa na baiskeli na waenda kwa miguu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo njia inayoyafuata haichoshi miguu. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, miezi mingine mtaro mkavu. Na ule mpango wa mji wa 1976, uliochorwa na Wakanada, uliwapa nafasi waenda kwa miguu na baiskeli. Tumeishia kujenga za magari.

— Mkuu, umeruka bodaboda. Mwanangu anapita hapo kwenda shule, na anapita salama kwa sababu njia ni mbovu. Ukiinyoosha, umewachongea bodaboda njia ya mkato.

— Ziwekwe nguzo za zege, bodaboda zisipenye.

— Dada, nguzo ikimbana bodaboda inambana na mzee wa magunia. Hukohuko Uingereza vizuizi vya pikipiki vimelalamikiwa na wenye viti vya magurudumu. Halafu kijiko, ile mashine ya kuzibua mchanga mtaroni, kitapita wapi? Ukingo ule upo kwa ajili yake. Mchanga wa Dodoma mnaujua: mvua mbili tu, mtaro umejaa nusu.

— Na mbigili je? Mimi naziba pancha kila wiki.

— Mbigili ni za kufagia tu, kaka.

Narudi mimi mleta hoja. La kijiko nimelikubali: nguzo ziwe za kung'oka, zenye kufuli. La bodaboda sina jibu safi, na sitaki kudanganya. Ila kuacha njia mbovu ili iwe salama naona ni kumwadhibu mtoto yuleyule tunayemlinda, maana mvua ikinyesha anatembea kwenye utelezi pembeni ya shimo.

Leo nimemsimamisha mzee wa mkaa. Changarawe wala haikumshughulisha. Shida yake ni pale mtaro unapoingia kwenye kalavati, yaani unapopita chini ya barabara: kijia kinakatika, anapandisha mzigo hadi lami, anasubiri magari, anashuka tena ng'ambo. London njia ya mfereji mara nyingi hupita chini ya daraja. Yetu inamtupa barabarani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mnaojua ujenzi, pale kalavati panafanyika nini?