Mirija yote miwili imeziba: tuanze na upasuaji au IVF?

Nyamizi, Mwanza
Habari zenu wapendwa. Nina umri wa miaka 33 na sijawahi kushika mimba tangu tufunge ndoa. Nimepigwa picha ya mirija ya uzazi, na majibu yanaonyesha kwamba yote miwili imeziba, huku wa kushoto ukiwa umevimba na kujaa maji. Daktari anashauri mrija huo utolewe kwanza, kisha ndipo tufanye IVF (kutungisha mimba maabara), jambo linalonitia hofu kwa sababu naona kama ninaondolewa hata hicho kidogo nilichobaki nacho. Wifi yangu ananisihi nitumie dawa za kuzibua mirija. Mume wangu hajapimwa, kwa kuwa inasemekana tatizo limekwisha kujulikana kuwa liko kwangu. Tuanzie wapi?

Mkunga wa Tanga
Pole sana, mdogo wangu. Daktari wako amekushauri vyema. Maji yaliyo katika mrija huo huchuruzika hadi kwenye mji wa mimba na kukizuia kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) kujishikiza, kwa hiyo kuutoa au kuufunga kabla ya kupandikiza huongeza uwezekano wa kufanikiwa. Katika IVF mirija haina kazi yoyote, kwa maana mayai huvutwa kwa sindano kutoka kwenye ovari, hurutubishwa maabara, na kiinitete huwekwa katika mji wa mimba kwa kupitia shingo ya kizazi. Louise Brown, mtoto wa kwanza kupatikana kwa njia hii, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, mama yake alikuwa na mirija iliyoziba kama wewe. Ama dawa za kuzibua, nakusihi uziache: mirija huziba kwa makovu, ambayo mara nyingi huachwa na maambukizi kama klamidia na kisonono, na hakuna mzizi unaoyeyusha kovu.

Baba Zawadi, Nakuru
Dada, shemeji apimwe mbegu za kiume kabla hamjalipa chochote, kwani tatizo la mke halimwondolei mume uwezekano wa kuwa na lake. Kabla ya kutoa sampuli atakaa bila tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7. Ikiwa sampuli itatolewa nyumbani, aibebe karibu na mwili isipoe, na aifikishe maabara ndani ya saa moja. Majibu yasipokuwa mazuri asikate tamaa. Hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Hata zikiwa chache mno, mbegu moja huweza kudungwa moja kwa moja ndani ya yai, njia iliyoanza kuleta watoto mwaka 1992 huko Ubelgiji.

Asha M.
Nyongeza ndogo. Ulizeni kwa maandishi kama bei mtakayotajiwa inajumuisha sindano za kukuza mayai na ugandishaji wa viinitete vitakavyobaki. Ulizeni pia ni wanawake wangapi wa rika lako waliojifungua katika kliniki hiyo, si waliopata mimba tu.